Giaboksi Nayo Ina Oili, Mwenye Gari

Kuna watu wanaoyapenda magari yao kwa kila hali isipokuwa ile inayotakiwa. Kila Jumamosi gari linaoshwa, taa zinang'arishwa, viti vinavalishwa ngozi mpya, redio imebadilishwa mara mbili, na oili ya injini inamwagwa kila kilomita 5,000 bila mtu kukumbushwa. Muulize mwenyewe oili ya giaboksi ilimwagwa lini. Anakugeuzia swali: "Kwani nayo inabadilishwa?"

Inabadilishwa. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na sina mpango wa kumbembeleza. Giaboksi ya auto inayokufa kwa kunyimwa lita tatu za oili ni hasara ya kijinga. Inaudhi zaidi pale aliyeipata anapokuwa dereva wa teksi ya mtandao, ambaye gari likilala gereji na watoto wake wanalala na madeni ya ada.

Nitaegemea Toyota IST, kwa sababu ukisimama dakika tano kwenye barabara yoyote ya Dar es Salaam utaziona za kutosha, na kwa sababu IST inafundisha vizuri. IST za kwanza, zilizotoka kiwandani kuanzia 2002 hadi 2007, zina giaboksi ya auto ya kawaida yenye gia nne. Za pili, zilizofuata hadi 2016, nyingi zina CVT, ambayo haina gia za kupanda na kushuka bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Jina la gari ni lile lile, oili ni mbili tofauti kabisa, na ukiiweka ya huku kule umeanza kuiua giaboksi kwa mkono wako.

Tuanze na visingizio, maana ndivyo vinavyojaza gereji.

Kisingizio cha kwanza ni kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, imetoka nayo kiwandani na itazikwa nayo. Wanaosema hivyo wana chanzo: watengenezaji kadhaa wa magari waliandika hivyo kwenye vitabu vyao. Lakini sikiliza watengenezaji wa giaboksi zenyewe. ZF, kampuni ya Ujerumani ambayo giaboksi zake zimo ndani ya BMW nyingi, inashauri oili ya giaboksi zake za auto ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8, kutegemea gari linavyotumikishwa. Anayeijenga giaboksi anasema badilisha, anayeuza gari jipya anasema usijali. Mimi namwamini aliyeijenga.

Sasa tazama magari yetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Tanzania yanaingia ya zamani kuliko hayo kwa kulipia ushuru zaidi. Maana yake gari linapokushukia bandarini, Mombasa au Dar, mara nyingi limeshaikaribia au kuipita ile miaka 8 ya ZF kabla hujaligusa usukani. Usijidanganye kwamba mmiliki wa kwanza kule Japani alibadilisha. Labda alibadilisha, labda hakubadilisha. Kama hakuna karatasi inayoonyesha, ichukulie kuwa hakubadilisha.

Kisingizio cha pili: "Gari halivuji, kwa hiyo oili ipo." Ipo, ndiyo. Swali ni hali yake. Oili hii haipungui kwa kutumika kama petroli, inazeeka. Giaboksi ya auto haina pedali ya klachi lakini klachi zimo ndani, tena nyingi, plati juu ya plati, zimelowa kwenye oili hiyo. Kuna pampu inayozungushwa na injini. Inaisukuma oili kwa presha hadi kwenye boksi la valvu, na presha hiyo ndiyo inayobana klachi moja na kuiachia nyingine pale gari linapopanda gia. Oili hiyo hiyo ndiyo inayopitisha nguvu ya injini ndani ya konveta, lile duara zito lililokaa kati ya injini na giaboksi. Ndiyo inayolainisha, ndiyo inayopoza, ndiyo inayobeba uchafu hadi kwenye chujio. Oili moja, kazi tano. Ikichoka, klachi hazibanwi sawasawa. Zinateleza, zinaungua, na unga wake unarudi kwenye ile ile oili inayotakiwa kuziokoa.

Kinachoichosha ni joto. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi hivi, inadumu. Kanuni wanayoishika mafundi wa giaboksi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hapo zinaukata umri wa oili karibu nusu. Na joto hilo halitokani na mwendo kasi. Linatokana na kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, konveta ikikoroga oili huku upepo wa kupoza haupo. Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, kutoka Tazara hadi Ubungo, inaichosha oili kuliko safari tulivu ya Dodoma. Mlima Kitonga ukiwa na Noah yenye abiria wanane na magunia ya viazi juu ya keria, ndiyo usiseme. Vitabu vya watengenezaji vina sehemu ya matumizi magumu, na ndani yake wametaja teksi, mizigo mizito, vumbi na safari za kusimama-simama. Ukiisoma utadhani mwandishi alikuwa amekaa Mbagala.

Kwa hiyo muda gani? Kwa gari la foleni za Dar au Nairobi, nasimamia kilomita 40,000. Mwenye gari la safari ndefu za lami anaweza kwenda mbele zaidi. Dereva wa teksi asisogee hata kilomita moja.

Kisingizio cha tatu ndicho kinachouma, kwa sababu hakitoki kwa mwenye gari bali kwa fundi. Unamuuliza ataweka oili gani, anajibu: "Bosi, hydraulic ni hydraulic, ilimradi iwe nyekundu." Fundi, hapana. Rangi ni dawa ya rangi tu, imetiwa ili oili ya giaboksi isichanganywe na ya injini na ili uvujaji ujulikane umetoka wapi. Haisemi lolote kuhusu kilichomo. Oili hizi hutofautiana kwa wepesi na, zaidi ya yote, kwa namna zinavyoziacha klachi zishikane: zikishikana ghafla gari linagonga kila gia inapoingia, zikichelewa kushikana zinateleza na kuungua. Watu wa kemia wamehangaikia jambo hilo tangu General Motors ilipoanza kuuza magari ya auto kwa wingi, kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Kwa miaka mingi kimoja cha viungo vilivyolainisha ushikanaji huo kilikuwa mafuta ya nyangumi, na Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za nyangumi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilibidi oili itungwe upya. Watu wamevua viumbe vya baharini kutafuta msuguano unaofaa, halafu wewe unanunua kwa rangi!

Jina la oili sahihi halifichwi. Kwenye IST ya kwanza limegongwa kwenye kijiti chenyewe cha kupimia: T-IV. Toyota zilizofuata, zenye auto ya gia, nyingi zinataka WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV, hazibadilishani. IST ya CVT inataka oili ya CVT ya Toyota, TC. Nissan za CVT zinataka NS-2 au NS-3 kufuatana na mwaka. Honda Fit ya kwanza ya CVT ina yake, HMMF. Subaru za CVT nazo zina yake. Hakuna haja ya kukariri haya yote. Unahitaji kujua moja tu, la gari lako, na lipo kwenye kitabu, kwenye kijiti au kwenye lebo. Kitabu kikiwa cha Kijapani, piga picha ukurasa wenye herufi za ATF, yaani oili ya giaboksi ya auto, au CVT. Jina la oili huwa limeandikwa kwa herufi za kawaida hata pale maneno mengine hayasomeki.

Oili za makampuni mengine zinafaa pia, ikiwa nyuma ya dumu imeandikwa wazi kwamba inakubalika kwa jina unalolitaka. Dumu lililoandikwa kwamba linafaa magari yote duniani, auto, CVT, usukani na kadhalika, lirudishe kwenye shelfu. Na unapokwenda kununua, Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, nenda mwenyewe. Tazama muhuri wa kifuniko, tazama kama uandishi wa lebo umenyooka, omba risiti. Usimpe fundi pesa akakuletee oili iliyoshafunguliwa ndani ya chupa ya maji.

Sasa kupima, na hapa tusiharakishe, maana watu wengi wanapima vibaya halafu wanaongeza oili isiyotakiwa. Kwa IST ya kwanza, endesha gari dakika kumi na tano hadi ishirini ili oili ipate moto. Simama mahali tambarare. Usizime injini. Ukiwa umekanyaga breki, sogeza leva kutoka P hadi L, ukitua sekunde mbili tatu kila hatua, kisha irudishe P. Fungua boneti, vuta kijiti cha giaboksi, siyo cha injini, kifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena. Kina alama mbili, ya baridi na ya moto. Soma ya moto. Oili iwe kati ya mistari yake miwili. Honda nyingi za zamani hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi baada ya gari kusimama. Ndiyo maana nasema fuata gari lako, si la jirani.

Kabla ya kukifuta kijiti mara ya pili, dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe. Liache litandae, kisha liangalie kwenye mwanga wa jua. Tone la oili nzima linaenea likiwa jekundu angavu au la waridi, tishu ikionekana chini yake. Likiwa la kahawia lakini bado linapitisha mwanga, oili imezeeka na muda wa kuibadilisha umefika. Likiacha duara jeusi katikati na pete hafifu pembeni, ndani kuna unga wa klachi. Linuse. Harufu ya kuungua, ile kali inayopanda puani, inamaanisha klachi zimeshateketea kwa kiasi, na oili mpya peke yake haitazirudisha. Na ukiona oili imekuwa nzito na ya waridi iliyopauka kama yogati ya stroberi, usiwashe gari tena. Hapo maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, kwa sababu kwenye magari mengi oili hupozwa ndani ya rejeta na kizuizi cha ndani kimetoboka. Liite gari la kubeba.

Gari lisilo na kijiti, kama Toyota nyingi za WS, linapimwa kwa chini, kwenye tundu la kufurikia. Oili ikiwa kwenye joto la karibu nyuzi 40, injini ikinguruma, tundu linafunguliwa na oili ya ziada inadondoka yenyewe mpaka inabaki kutona. Joto hilo lisomwe kwa mashine ya kupimia gari. Fundi anayeigusa giaboksi kwa kiganja na kutamka kuwa "imefika" anakisia, na wewe unalipia.

Kubadilisha kwenyewe si kugumu. Gari liwe na vuguvugu, si la moto wa kuunguza. Liinue kwa jeki kisha likalie stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala tofali. Weka beseni, fungua boliti ya kumwagia, na hakikisha ni ya giaboksi. Haya si maneno ya kujaza nafasi. Kwenye Subaru hasa, kuna mafundi waliomwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakajaza injini oili mpya juu ya ile iliyokuwemo. Injini inajaa kupita kiasi, giaboksi inabaki kavu, na gari linatoka gereji likiwa bovu pande zote mbili.

Oili iliyotoka, ipime. Chukua chupa za maji za lita moja na nusu, zijaze moja moja, uhesabu. Kwa IST ya kwanza itatoka takriban lita 3, wakati giaboksi nzima inabeba zaidi ya 6; iliyobaki imo ndani ya konveta na kwenye mabomba. Ulichotoa ndicho utakachorudisha, ikiwa kabla ya hapo usawa ulikuwa sahihi.

Ukipata nafasi, shusha na sampu, lile karai la chini ya giaboksi. Ndani yake kuna sumaku ndogo, na sumaku hizo hazidanganyi. Zikiwa zimejaa tope laini la kijivu, hiyo ni hali ya kawaida ya chuma kilichosagika miaka mingi. Zifute mpaka zing'ae na uzirudishe mahali pake. Ukikuta vipande vinavyoonekana kwa jicho, vyenye ncha na vinavyomeremeta, kuna kitu kimevunjika na hakuna oili itakayokiunga. Safisha au badilisha chujio, weka gasketi mpya, na kaza boliti kwa zamu, huku na kule, kidogo kidogo. Usiimwagie silikoni kwa ukarimu. Inayomenyeka kwa ndani huishia kwenye chujio na kuinyima pampu oili.

Weka washa mpya kwenye boliti ya kumwagia, ifunge, halafu mimina oili mpya kwa faneli nyembamba kupitia bomba la kijiti. Mimina kiasi kilichotoka ukipunguza nusu lita. Washa, kanyaga breki, pitisha leva gia zote, kisha pima na uongeze kidogo kidogo mpaka ifike. Kujaza kupita kiasi ni kosa sawa na kupunguza. Oili ikizidi inapigwa na vyuma vinavyozunguka, inatoa povu, na povu halina presha. Ikipungua, pampu inavuta hewa. Kwa vyovyote klachi zitateleza.

Na sasa ule uvumi mkubwa, kwamba ukibadilisha oili kwenye gari lililokaa muda mrefu giaboksi inakufa wiki hiyo hiyo. Nimeusikia kwa mafundi ninaowaheshimu, na hawautoi hewani. Mara nyingi mwenye gari anakumbuka oili pale giaboksi inapoanza kuteleza, yaani klachi zimeshakwisha. Inabadilishwa, inakufa, na oili mpya inabebeshwa lawama za marehemu. Vilevile kuna mashine zinazosukuma oili mpya kwa presha ili kuifukuza ya zamani yote. Kwenye giaboksi chafu zinaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu. Kwa hiyo kwa gari lisilojulikana historia yake, fanya pole pole. Mwaga na ujaze kwa kawaida, tembelea wiki chache, rudia. Tuseme giaboksi inabeba lita 6 na nusu na kila mara unatoa 3. Baada ya mara ya kwanza oili ya zamani inabaki asilimia 54, baada ya pili 29, baada ya tatu 16. Giaboksi haishtuki, nawe umeisafisha. Na kama imeshaanza kuteleza na oili inanuka kuungua, kubali ukweli na umtafute fundi wa giaboksi, si wa oili.

CVT inataka adabu zaidi. Mkanda wake wa chuma unashika puli kwa msuguano unaosimamiwa na oili, na ATF ya kawaida haina msuguano huo. Ukiiweka, mkanda utateleza, utachuna puli, na gari litatetemeka kila linapoondoka mpaka siku litakapogoma. Hizi giaboksi zimeshatesa hata wenye nazo mpya: mwaka 2009 Nissan iliongeza dhamana ya CVT zake Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000 kwa magari ya 2003 hadi 2010. Lako, ulilonunua la mtumba, halina dhamana ya mtu.

Mvua za masika nazo zisikupite. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Ukilazimisha kupita bonde la Jangwani, Dar, maji yakiwa yamefunika magurudumu, giaboksi yenye moto inapopozwa ghafla huvuta pumzi, na pumzi hiyo inakuwa maji. Ukishapita, pima oili kesho yake. Na gari la auto likizima, usikubali livutwe kwa kamba kilomita nyingi magurudumu ya mbele yakizunguka: injini haiwaki, kwa hiyo pampu haifanyi kazi, kwa hiyo oili haifiki popote. Winchi inayobeba ina gharama, giaboksi ina gharama zaidi.

Ile chafu uliyoitoa usiimwage mtaroni wala nyuma ya gereji ambako kuna kisima. Ifunge kwenye dumu uipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Kisha chukua kipande cha karatasi, andika tarehe, kilomita, jina kamili la oili na lita ulizoweka, ukibandike ndani ya boneti kwa gundi inayostahimili joto. Atakayelinunua gari hilo kwako atauliza oili ya giaboksi ilimwagwa lini, na ana haki ya kujibiwa.